Jino Halisubiri Arobaini

Maneno haya niliyasema mbele ya wajawazito, waume wachache na wahudumu wenzangu katika kituo kimoja cha afya mkoani Tanga, wiki ya Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, ambayo kila mwaka huangukia tarehe 20 Machi. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka mdomoni.

Hamjambo kina mama? Wakubwa zangu, shikamooni. Kina baba nawaona mko wanne, mmejipanga kule mlangoni kama watu wanaongoja basi. Msiondoke, lenu linakuja.

Mimi ni tabibu meno, lakini sikuanzia huku. Nilianza nikiwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na mimba yangu ya kwanza niliibeba nikiwa kazini humo humo wodini. Ilipofika miezi saba, gego la chini upande wa kulia likaamka. Nasema likaamka kwa sababu tundu lilikuwapo siku nyingi. Nilikuwa nalijua, chakula kikiingia nakichokonoa na njiti ya kiberiti, basi, maisha yanaendelea. Jioni moja nikanywa chai ya moto, ndipo lilipochokozeka. Nikatoka barazani, nikachota maji ya mtungi, nikabana funda moja shavuni. Maumivu yakatulia. Maji yakishapata joto mdomoni, maumivu yanarudi. Natema, nachota funda jingine. Nikaendelea hivyo mpaka adhana ya alfajiri, mtungi umebaki nusu.

Siku hizi mgonjwa akiniambia kwamba maji baridi ndiyo yanayompa nafuu, najua tumefika wapi hata kabla sijawasha taa. Kiini cha jino, pale penye mshipa wa damu na wa fahamu, kinakufa. Jino likifika hapo halirudi nyuma. Ama linatibiwa mizizi likazibwa, ama linang'olewa. Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Nikaenda kwenye kliniki ya meno, ambayo siitaji, nikaambiwa: "Dada, una mimba. Subiri ujifungue ndiyo uje." Baada ya siku nne nikarudi, jibu lile lile. Mara ya tatu nilikwenda shavu limeshavimba, nikaandikiwa vidonge bila hata kuambiwa nifungue mdomo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba niliwaamini. Muuguzi mzima! Nilikuwa nawaambia wagonjwa wangu maneno hayo hayo kila wiki. Mama akija kliniki ameshika shavu namwambia vumilia, bado miezi mitatu tu. Miezi mitatu tu! Mtu aliyewahi kuumwa jino usiku mmoja hawezi kulitamka hilo "tu".

Mwisho wa habari yangu ni kwamba niliingia mwezi wa nane mdomo haufunguki zaidi ya upana wa kidole kimoja, homa juu, uvimbe umeteremka mpaka chini ya taya. Nikalazwa. Aliyenitibu alikuwa mzee mmoja mtulivu, hana maneno mengi. Alinilaza kwenye kiti, akaniomba kanga yangu, akaikunja kunja mpaka ikawa nene kama mkate wa boflo, akanisukumia chini ya nyonga ya kulia. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Ili mtoto asikulalie mshipa." Kisha ganzi, kisha usaha ukatolewa, kisha jino. Dakika ishirini, labda. Usiku ule nililala kama mtoto, na mwanangu akawa anacheza tumboni kama kawaida yake. Asubuhi nikakaa kitandani nikajiuliza: kama hili linawezekana leo, kwa nini halikuwezekana wiki tano zilizopita, jino likiwa bado linaweza kutibika? Swali hilo ndilo lililonirudisha chuoni kusomea meno.

Hiyo kanga nitairudia. Kwanza nijibu lile ambalo najua mmekuja nalo moyoni: ukitibiwa jino ukiwa na mimba, mimba itaharibika?

Haiharibiki kwa sababu ya kung'oa jino. Haiharibiki kwa sababu ya kuziba wala kukwangua ugaga, ule uchafu uliogandia kwenye meno. Na sisemi kwa kuwafariji. Mwaka 2006 Marekani walichapisha utafiti wa wajawazito 823 wenye ugonjwa wa fizi. Kundi moja lilisafishwa fizi kwa kina, chini kabisa ya ufizi, kabla ya wiki ya 21 ya mimba. Kundi la pili lilisubiri mpaka baada ya kujifungua. Katika kundi la kwanza waliojifungua kabla ya wiki 37 walikuwa 12 katika kila 100, na la pili karibu 13. Kwa hesabu za kitaalamu hapo hakuna tofauti. Watafiti walikuwa wanatarajia kwamba kusafisha fizi kungepunguza watoto njiti. Hakukupunguza, na ni haki niwaambie, kwa sababu siku hizi wapo wanaowatisha kina mama kwamba usiposafisha meno utazaa njiti. Fizi mbovu na kuzaa njiti vimeonekana kwenda pamoja katika tafiti nyingi, lakini kusema moja ndilo linaloleta jingine bado ni mapema. Mimi ninachokichukua katika utafiti ule ni kwamba mamia ya wajawazito walitibiwa vinywa, na matibabu hayakuwaongezea hatari.

Ganzi je? Dawa tunayoichoma sana inaitwa lignokeni. Imetumika kwa wajawazito miaka mingi sana, na ndiyo hiyo hiyo mkunga anayokuchoma akitaka kukushona ulipochanika wakati wa kuzaa. Ganzi ya jino inakaa kwenye taya. Kinachomfikia mtoto ni kidogo mno. Picha ya eksirei tunaipiga tukiihitaji tu. Mashine inaelekezwa shavuni, mbali na tumbo, na mionzi yake ni kiduchu. Ukiambiwa lazima ipigwe, kubali.

Nikueleze na miezi. Mitatu ya kwanza ndiyo viungo vya mtoto vinapoumbwa, na wewe mwenyewe hujiwezi kwa kichefuchefu, kwa hiyo kazi isiyo ya haraka tunaisogeza mbele. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio wakati mzuri kuliko yote: kichefuchefu kimepungua, tumbo bado linakuruhusu kulala kwenye kiti. Tundu lolote lizibwe hapo. Mwezi wa saba kuendelea kazi bado inafanyika, ila kwa vipindi vifupi. Lakini jino linalouma, jino lenye usaha, halina mwezi wake. Likiuma wiki ya sita, linatibiwa wiki ya sita. Likiuma wiki ya thelathini na nane, vile vile. Labda kung'arisha meno yawe meupe kama ya kwenye tangazo, hilo ndilo lisubiri.

Sasa ile kanga. Kuna mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni, na umepita kuliani mwa uti wa mgongo. Mimba ikiwa kubwa, ukilala chali, mji wa mimba unaukalia. Damu haipandi, presha inashuka, unaona kizunguzungu, jasho jembamba, moyo unakwenda mbio. Wengi hudhani ni ganzi iliyowadhuru, na hapo ndipo hadithi inapozaliwa: "Fulani alichomwa sindano ya jino akazimia." Pengine hakuzimishwa na sindano, alilazwa vibaya. Ukiinuliwa nyonga ya kulia kidogo, tumbo linaegemea kushoto, mshipa unapumua. Kwa hiyo ukija kwangu na mimba kubwa njoo na kanga ya ziada, na ukiona daktari kakusahau, mkumbushe. Hatakasirika. Na akikasirika, kanga ni yako.

Niingie kwenye dawa, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo tunapoumizana.

Wakati nahangaika na gego langu nilikwenda duka la dawa nikasema, "Nipe cha jino." Nikapewa Diclopar. Ndani yake mna diklofenaki na parasetamoli. Nilimeza siku tisa. Sikuulizwa kama nina mimba. Labda aliona tumbo akadhani najua ninachokifanya, nami nikadhani na yeye anajua. Diklofenaki, na ndugu yake ibuprofeni ambayo wengi tunaiita Brufen, si dawa za mjamzito kujinunulia. Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo la kuziepuka kuanzia wiki ya 20. Sababu yake inaeleweka hata bila kusomea udaktari: maji anayoogelea mtoto tumboni, kwa sehemu kubwa, ni mkojo wake mwenyewe. Dawa hizi zikimfikia zinaweza kuzisumbua figo zake, mkojo ukapungua, na maji yakapungua. Mimba ikikaribia miezi saba na zaidi kuna hatari nyingine: karibu na moyo wa mtoto kuna njia ndogo ya damu ambayo inatakiwa ifunge akishazaliwa na kuvuta pumzi, na dawa hizi zinaweza kuifunga akiwa bado tumboni.

Aspirini ya maumivu nayo usiiguse. Ila, na hili nalirudia kwa sauti, kama daktari wa kliniki amekupa aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya kukukinga na kifafa cha mimba, usije ukaacha kwa sababu ulinisikia mimi hapa. Ile ni kiasi kingine na kazi nyingine. Na aspirini haiwekwi kwenye tundu wala ufizini. Nimeona fizi zilizoungua nyeupe kama maziwa yaliyoganda.

Kinachokufaa ni parasetamoli, kwa jina la dukani Panadol. Vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita au nane, visizidi vinane kwa saa 24. Kama una ugonjwa wa ini, tuambie kwanza. Na ujue inachofanya: inakununulia usiku mmoja au miwili ili ufike kwangu. Jino haitibu. Mtu akiniambia anakunywa Panadol mwezi wa pili sasa, huyo hajatibiwa hata siku moja.

Halafu kuna hili la "nipe rangi mbili". Mnacheka kwa sababu mnalijua. Kapsuli ya rangi mbili inaweza kuwa amoksisilini, ambayo mjamzito anaruhusiwa akiandikiwa, maadamu penisilini haimdhuru. Inaweza pia kuwa tetrasaiklini. Tetrasaiklini na doksisaiklini hushikamana na kalsiamu, na meno ya utotoni ya mwanao yanaanza kuwa magumu akiwa bado tumboni, kuanzia kama mwezi wa nne hivi. Dawa inaingia ndani ya jino linalojengwa, na jino linakuja kuota lina rangi ya manjano au kijivu ambayo hakuna mswaki utakaoiondoa. Rangi ya kapsuli haikwambii kitu. Uliza jina. Hata hiyo amoksisilini, kama jino halijafunguliwa au kung'olewa, ni sawa na kufagia ua wakati mti bado unapukutisha majani.

Ndugu zangu wa maduka ya dawa, najua mpo wawili hapa. Swali moja tu kwa kila mwanamke kabla ya kumhesabia vidonge: una mimba, au unanyonyesha? Halichukui hata nusu dakika. Na wewe mama, usingoje kuulizwa. Hata kama mimba ina wiki tano na hujamwambia hata wifi yako, mimi niambie.

Karafuu? Ukibana karafuu moja kwenye gego sitakugombeza, inatia ganzi kidogo na imetusaidia pwani hii tangu enzi za mababu. Mafuta yake ya chupa ndiyo yenye matata, yakimwagikia ufizi yanaunguza. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, sukutua hata mara nne kwa siku.

Sasa fizi. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kinataja kwamba kati ya asilimia 60 na 75 ya wajawazito huvimba fizi. Kwa hiyo ukitema mate yenye damu asubuhi hujarogwa, na mimba haikuli meno. Wazee wetu walisema kila mtoto anaondoka na jino la mama yake. Walichokiona ni kweli, sababu ndiyo waliikosea. Mtoto hawezi kuchota kalsiamu kwenye meno yako. Anaipata kwenye chakula chako, na kikipungua inatoka kwenye mifupa. Meno yanaharibika kwa mambo mengine. Homoni za mimba zinafanya ufizi uchukie utando wa uchafu ambao zamani ulikuwa unauvumilia. Unavimba, unatoka damu, na mama akiona damu anaacha kupiga mswaki "ili ufizi upone". Hapo sasa utando unaongezeka, na damu inaongezeka. Piga mswaki hivyo hivyo, taratibu, mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floraidi. Baada ya siku kadhaa damu inapungua. Isipopungua, njoo tukukwangue ugaga.

Mwaka juzi alikuja dada mmoja amejifunika mdomo kwa mtandio, hataki kuuondoa. Kati ya meno mawili ya mbele kulikuwa na kinyama chekundu, kikubwa kama punje ya komamanga, kikiguswa kinachuruzika damu. Mtaani walishamwambia ni kansa. Alikuwa ameacha kula na mumewe sahani moja. Ni uvimbe wa ujauzito, unawapata baadhi ya wajawazito, na mara nyingi husinyaa wenyewe baada ya kujifungua. Lazima uangaliwe, usijipimie kwa kioo, lakini hauhitaji kuaga watu. Alirudi akiwa na mtoto wa miezi mitatu, kinyama hakipo, anacheka mdomo wazi.

Kutapika kunachangia pia. Yale matapishi ni tindikali. Ukitapika kisha ukapiga mswaki papo hapo, unausugua uso wa jino ukiwa umelainika. Sukutua kwanza kwa maji, ukiweza tia kijiko cha chai cha soda ya kuokea, ile ya keki, si hamira wala magadi ya maharage, kwenye kikombe kimoja cha maji. Mswaki baada ya nusu saa au saa nzima. Kama mswaki wenyewe unakutapisha, tumia wa mtoto, wenye kichwa kidogo, na uchague saa ambayo tumbo limetulia, hata iwe saa nane mchana. Nani kasema lazima alfajiri?

Kuna mama ameuliza hapa mbele kuhusu kula udongo. Ahsante kwa kuuliza, wengine mnao kwenye mikoba. Vile vijiti vya pemba vya sokoni vina mchanga, na mchanga ni msasa. Meno ya kutafunia yanalika yakawa bapa. Lakini mimi kinachonihangaisha zaidi si jino. Hamu ya udongo mara nyingi inakwenda na upungufu wa damu, kwa hiyo mwambie mkunga akupime, wala usione haya. Embe mbichi na pilipili, ukwaju, ndimu, kula, nani atakuzuia, ila kula kwa mara moja ukamalize. Ukiwa unaramba kutwa nzima mdomo haupati muda wa kupumzika na tindikali. Soda na chai yenye sukari ya kujaza kijiko mara tano kwa siku ni hivyo hivyo.

Dalili za kukimbia hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana: uvimbe unaopanda kuelekea jicho au unaoshuka chini ya kidevu, mdomo kutofunguka, kushindwa kumeza mate, homa, kupumua kwa shida. Hapo usisubiri kliniki ya meno ifunguliwe. Usaha wa jino ukiteremka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, na mama akikosa hewa ni wawili wanaokosa.

Kina baba, nilisema msiondoke. Wajawazito wengi hawaji kwangu kwa sababu mtu nyumbani kasema "ngoja kwanza". Wakati mwingine ni mama mkwe, kwa nia njema kabisa. Wakati mwingine ni wewe, na nia yako ni nauli. Uliza gharama mapema hapa dirishani, kuziba jino mapema ni kazi ndogo kuliko kulazwa. Na tuambizane ukweli kuhusu "baada ya kujifungua". Akishajifungua ana arobaini. Baada ya arobaini ana mtoto anayenyonya kila saa mbili, hajalala, na jino lililokuwa linazibika limebaki mizizi.

Na wahudumu wenzangu, nanyi ni wangu, kwa hiyo sitawasema sana mbele ya watu. Siku ya kwanza mama anapofungua kadi ya kliniki, mwambie afungue na mdomo. Mulika. Ukiona tundu au damu, mwandikie aje kwangu. Neno "subiri ujifungue" tuliache kwa rangi ya nguo za mtoto.

Chumba changu ni namba 3, nyuma ya chumba cha sindano. Leo nipo mpaka saa kumi, na kuangaliwa ni bure. Mama mwenye kanga ya bluu, safu ya pili, umeshika shavu tangu nilipoanza kuzungumza. Tunaanza na wewe. Na hiyo kanga njoo nayo.